Wengi Wape? Somo Juu ya Uchaguzi wa Rais wa Marekani

Katika muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza swali ambalo halikufaa kujibiwa kwa maneno mawili. Waliniuliza: "Mwalimu, wazee husema wengi wape. Mbona huko Marekani mwaka 2016 mtu aliyepata kura chache ndiye aliyekuwa Rais?" Kengele ililia kabla hatujafika mbali. Kwa hiyo mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike jibu lote hapa, ili wanafunzi wa vidato vingine walisome, na wazazi nao walipime gazeti litakapofika nyumbani.

Nitaligawa somo katika sehemu tatu, kwa kuwa uchaguzi wowote husimama juu ya maswali matatu. La kwanza, ni nani apigaye kura? La pili, kura zahesabiwaje? La tatu, aliyeshindwa aikubali hesabu? Swali hili la mwisho laonekana dogo, lakini ndilo lililowapa Wamarekani taabu kubwa katika miaka ya karibuni.

1. NI NANI APIGAYE KURA?

Katiba ya Marekani iliandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787, nayo ingali ikitumika. Katiba hiyo haikueleza ni nani hasa mwenye haki ya kupiga kura. Jambo hilo waliachiwa watu wa kila jimbo, na majimbo mengi yalimpa haki hiyo mwanamume mweupe mwenye shamba au mali ya kadiri fulani. Wanawake, watumwa, na wenyeji wa asili wa nchi ile hawakuhesabiwa miongoni mwa wapiga kura.

Mlango huo ulifunguka kidogo kidogo. Kufika katikati ya karne ya 19, sharti la mali lilikuwa limekwisha kuondolewa karibu kila mahali kwa wanaume weupe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipigwa toka 1861 hata 1865, utumwa ukakomeshwa, na mwaka 1870 Katiba ikaongezewa sharti kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa zamani alikuwa mtumwa. Wanawake walipata haki hiyo katika nchi nzima mwaka 1920, ingawa huko Wyoming walikuwa wamekwisha kuipata tangu 1869. Wenyeji wa asili wote waliozaliwa humo walifanywa raia mwaka 1924. Vijana wa miaka 18 waliruhusiwa mwaka 1971.

Lakini msomaji asidhani kwamba sheria ikiisha kuandikwa basi kazi imekwisha. Katika majimbo ya kusini, baada ya askari wa serikali kuu kuacha kuyalinda mwaka 1877, zilitafutwa hila za kuwanyima watu weusi kura bila kutaja rangi. Palikuwa na kodi ya kura: asiyelipa hapigi. Palikuwa na mtihani pia. Karani humpa mtu kifungu cha katiba ya jimbo akinakili na kueleza maana yake, na karani yule yule ndiye asahihishaye. Hakuna wa kumwuliza kwa nini huyu amefaulu na yule ameanguka.

Nitamtaja mtu mmoja, ili jambo hili lisibaki maneno matupu. Fannie Lou Hamer alikuwa mkulima wa pamba katika jimbo la Mississippi, katika shamba la mtu mwingine. Mpaka mwaka 1962 alikuwa hajapata kusikia kwamba mtu mweusi aweza kujiandikisha na kupiga kura. Mwezi wa Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 44, alipanda basi pamoja na wenzake kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Akapewa mtihani, akaanguka. Aliporudi, mwenye shamba akamwambia achague moja: akaondoe ombi lake, au ahame. Akahama usiku ule ule, na pale alikuwa amekaa miaka 18. Januari 1963 aliurudia mtihani, akafaulu. Juni mwaka ule ule, akitoka katika mafunzo ya uraia, alikamatwa njiani akapigwa gerezani hata akapata madhara yaliyomfuata maisha yake yote. Na mwaka 1964 alikwenda mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, akayaeleza hayo yote mbele ya taifa zima kwa njia ya televisheni.

Tarehe 7 Machi 1965, watu waliokuwa wakiandamana kwa amani kudai haki ya kura walipigwa na polisi katika daraja la mji wa Selma, jimbo la Alabama. Nchi nzima iliona picha zake. Tarehe 6 Agosti mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria hiyo iliifuta mitihani ile katika sehemu zilizokuwa na sifa mbaya, na kuzitaka zisibadili kanuni zake za uchaguzi mpaka serikali kuu ikubali kwanza. Angalieni matokeo yake. Kabla ya sheria, katika Mississippi, katika kila watu weusi 100 wenye umri wa kupiga kura hawakufika 7 waliokuwa wameandikishwa. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Miaka 41 baadaye, mwaka 2008, Wamarekani walimchagua Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Na sote twakumbuka jinsi Kenya ilivyofanya siku ya mapumziko kwa furaha.

Basi yafaa pia tujue kwamba mlango uliofunguliwa na watu waweza kusogezwa tena na watu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba ile kanuni ya kuzitambua sehemu zinazopaswa kuomba kibali kwanza imepitwa na wakati. Tangu hapo majimbo mengi yametunga masharti mapya, kama vile kuonyesha kitambulisho chenye picha. Wanaoyatetea husema yanazuia udanganyifu. Wanaoyapinga husema mzigo wake huwaangukia maskini na wazee wasio na vitambulisho. Mashauri ya namna hiyo yangali yakipelekwa mahakamani.

2. KURA ZAHESABIWAJE?

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la Kidato cha Tatu. Kwanza tuache Marekani kidogo, tuchukue mfano wa nyumbani.

Tuseme shule ina mabweni matatu: Kilimanjaro, Rufiji na Ruaha, na kila bweni lina wanafunzi 100. Juma na Hamisi wanagombea kuwa kiranja mkuu. Mwalimu asema hivi: "Kila bweni litahesabu kura zake lenyewe, na atakayeshinda katika bweni atapewa bweni zima." Katika Kilimanjaro Juma apata 51 na Hamisi 49. Katika Rufiji vivyo hivyo, Juma 51 na Hamisi 49. Katika Ruaha Juma apata 10 tu, na Hamisi 90. Sasa jumlisheni. Hamisi ana kura 188 na Juma ana 112. Lakini Juma ana mabweni mawili, na Hamisi ana moja. Kiranja mkuu ni Juma.

Hakuna aliyeiba kura hata moja. Kura 90 za Ruaha zimemfaa Hamisi sawasawa na ambavyo kura 51 zingemfaa. Zile 39 zilizozidi hazina kazi. Huo ndio uchaguzi wa Rais wa Marekani. Si uchaguzi mmoja, bali ni chaguzi 51: majimbo 50, na mji mkuu wa Washington ambao ulipewa haki hiyo mwaka 1961.

Wananchi hawamchagui Rais moja kwa moja. Kila jimbo lina wajumbe wa kumchagua Rais, na idadi yao ni sawa na wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi pamoja na maseneta wake wawili. Washington ina wajumbe 3. Jumla yao ni 538, na apatae 270 ameshinda. Katika majimbo 48 na Washington, anayeongoza hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote. Maine na Nebraska peke yao ndizo zinazowagawa kwa wilaya za uchaguzi.

Kwa kuwa kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo, uzito wa kura haulingani. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, mjumbe mmoja wa Wyoming asimama kwa watu wapatao 192,000. Mjumbe mmoja wa California asimama kwa watu wapatao 732,000.

Kwa nini walipanga hivyo? Mwaka 1787 majimbo madogo yaliogopa kumezwa na makubwa, nchi ilikuwa pana na habari zilisafiri kwa farasi. Tena liko jambo ambalo si la kujivunia. Majimbo yenye watumwa yalitaka watumwa wahesabiwe katika kugawa wabunge, ijapokuwa watumwa hao hawakuruhusiwa kupiga kura. Wakapatana kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Kwa hiyo mwenye watumwa alipata nguvu zaidi katika kumchagua Rais kwa sababu ya watu aliowafunga.

Yaliyompata Hamisi wa mfano wetu yamewapata watu kweli. Mwaka 1876 Samuel Tilden alipata kura nyingi, akashindwa na Rutherford Hayes kwa wajumbe 185 dhidi ya 184. Mwaka 1888 yalimpata Grover Cleveland. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa zaidi ya kura 500,000 katika nchi nzima, lakini Bush alishinda Florida kwa kura 537 tu, katika kura karibu milioni 6 zilizopigwa humo, na Florida ikampa urais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura zipatazo milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump. Lakini Trump alishinda Michigan, Pennsylvania na Wisconsin kwa tofauti ambayo, ukiijumlisha ya majimbo yote matatu, haifiki kura 80,000. Hizo ndizo zilizompa urais.

Ndiyo maana wagombea hawazunguki nchi nzima. California yajulikana itakwenda wapi, na Wyoming yajulikana. Mwaka 2024 macho yote yalikuwa kwa majimbo saba: Arizona, Georgia, Michigan, Nevada, North Carolina, Pennsylvania na Wisconsin. Trump aliyapata yote saba, akapata wajumbe 312 naye Kamala Harris 226. Safari hiyo Trump aliongoza pia katika kura za nchi nzima, kwa kura milioni 2 na zaidi.

Lakini majimbo hayasimami mahali pamoja. Hesabu ya watu hufanywa kila miaka 10, na wajumbe hugawanywa upya. Mwaka 1960 New York ilikuwa na wajumbe 45 na Florida 10. Mwaka 2024 New York ilikuwa na 28 na Florida 30, kwa sababu watu wengi wamehamia kusini na magharibi. Vyama navyo vimebadilishana mashamba. Kusini, ambako zamani chama cha Democratic kilitawala peke yake, wazungu wengi walikihama tangu miaka ile ya 1960 kiliposimamia haki za watu weusi, na leo sehemu kubwa ya kusini ni ya Republican. Vermont, kaskazini, iliwapa Republican kura toka 1856 hata 1960 bila kukosa; tangu 1992 huwapa Democratic. Kwa hiyo anayesema jimbo fulani ni la chama fulani milele hajasoma historia.

Msomaji atauliza, je, hawajajaribu kuubadili utaratibu huu? Wamejaribu. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa zaidi ya theluthi mbili kwamba Rais achaguliwe kwa kura za wananchi moja kwa moja. Shauri hilo likakwama katika Seneti mwaka 1970. Kuibadili Katiba yao ni kazi ngumu: lazima theluthi mbili za kila baraza zikubali, na kisha majimbo 38 katika 50.

3. ALIYESHINDWA AIKUBALI HESABU?

Wajumbe wakiisha kupiga kura zao majimboni, vyeti hupelekwa Bungeni. Kwa kawaida tarehe 6 Januari vyeti hivyo hufunguliwa na kuhesabiwa mbele ya mabaraza yote mawili, na anayekaa katika kiti ni Makamu wa Rais. Huenda Makamu huyo mwenyewe alikuwa mgombea, akashindwa. Basi yampasa kutangaza kwa kinywa chake kwamba mwenzake ndiye mshindi. Tuwatazame wanne waliokaa katika kiti hicho.

Januari 1961 alikuwa Richard Nixon. John Kennedy alikuwa amemshinda kwa kura chini ya 120,000 katika kura zipatazo milioni 68. Kutoka Hawaii vilikuja vyeti vya pande mbili, kwa kuwa hesabu ya kwanza ilimpa Nixon jimbo na hesabu ya marudio ikampa Kennedy. Nixon aliwaomba wabunge vikubaliwe vyeti vya Kennedy, yaani alijihesabia kushindwa.

Januari 2001 alikuwa Al Gore, baada ya Mahakama Kuu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kusimamisha hesabu ya marudio ya Florida. Wabunge waliokuwa upande wake walisimama mmoja mmoja kupinga. Sheria ilitaka pingamizi iwe na sahihi ya seneta, nao hawakuwa nayo. Gore aliwakatalia, watu wake mwenyewe, akamtangaza Bush.

Januari 2021 alikuwa Mike Pence. Joe Biden alikuwa amepata wajumbe 306 na Trump 232, na kura za nchi nzima milioni 81 dhidi ya milioni 74. Trump alidai ameibiwa. Yeye na wenzake walipeleka mashauri kadha wa kadha mahakamani, na karibu yote wakashindwa, mengine mbele ya majaji aliowateua yeye mwenyewe. Akamtaka Pence azikatae kura za majimbo kadhaa. Pence akajibu kwamba Katiba haimpi nguvu hiyo. Siku hiyo umati wa watu waliomwunga mkono Trump ulivunja milango na madirisha ya jengo la Bunge, wabunge wakakimbizwa mahali pa usalama, na hesabu ikakatizwa. Usiku huo huo wabunge walirudi, na kazi ikamalizika alfajiri ya tarehe 7. Mwaka 2022 Bunge lilitunga sheria ya kueleza wazi kwamba kazi ya Makamu wa Rais siku ile ni ya kusimamia tu, na pingamizi sharti iungwe mkono na sehemu moja katika tano ya kila baraza.

Januari 2025 alikuwa Kamala Harris, naye ndiye aliyekuwa ameshindwa. Alisimama, akasoma hesabu, akamtangaza Trump. Hapakuwa na pingamizi hata moja. Siku 14 baadaye Trump alishika madaraka, na siku ile ile akawasamehe watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa mambo ya tarehe 6 Januari 2021. Wamarekani wangali wakibishana juu ya msamaha huo. Wako wasemao watu hao walionewa, na wako wasemao kwamba aliyevunja mlango wa Bunge akisamehewa, mwingine atauvunja kesho.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wazee wetu waliposema wengi wape, waliongeza kwamba usipowapa watachukua kwa mikono yao. Marekani yatuonyesha kwamba neno "wengi" si jepesi. Wengi wa wapi? Waliohesabiwa na nani? Na walioachwa nje ya daftari, wamo au hawamo? Kwa muda mrefu wengi wa Mississippi walikuwa wengi kwa sababu wenzao walizuiwa mlangoni.

Lakini iko methali ya pili ambayo pia twaifahamu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Sheria nzuri zaweza kujaza kabati, na bado ikafika saa ambapo mambo yote yamtegemea mtu mmoja aliyeshindwa, mwenye karatasi mkononi, na watu wake wakimpigia kelele asiisome. Aliyeshindwa akiwa na uhakika kwamba daftari lilikuwa wazi kwa wote na hesabu ilifanywa mbele ya macho, kuisoma karatasi hiyo ni uchungu, lakini yawezekana. Kwa hiyo wanafunzi wasione kazi ya karani wa kuandikisha, au ya msimamizi wa kituo, au ya wakala anayekesha akitazama kura zikihesabiwa, kuwa ni kazi ndogo. Wengine miongoni mwao wataifanya.

MASWALI

1. Katika mfano wa mabweni, ni kura ngapi tu zingehitaji kuhama kutoka kwa Juma kwenda kwa Hamisi katika bweni la Rufiji ili Hamisi awe kiranja mkuu?

2. Mwaka 2024 Pennsylvania ilikuwa na wajumbe 19, Michigan 15 na Wisconsin 10. Harris alipata wajumbe 226. Kama majimbo hayo matatu yangempa yeye, angekuwa na wajumbe wangapi? Je, angeshinda, ingawa Trump alikuwa na kura nyingi zaidi katika nchi nzima?

3. Mtu wa Wyoming aweza kusema kwamba bila utaratibu huu hakuna mgombea atakayejali jimbo dogo. Mtu wa California atamjibu nini? Andika majibizano yao katika ukurasa mmoja, na kila upande upewe haki yake.

4. Muulize mzazi wako au mzee wa jirani: mara ya kwanza alipiga kura mwaka gani, alitakiwa kuonyesha nini ili aandikwe, na kura zilihesabiwa wapi? Lete majibu darasani mwanzo wa muhula ujao.